Usiku Una Rangi Ngapi

Baba hakuwa mtu wa sinema. Siku niliyomketisha mbele ya laptopu nyumbani kwetu Kangemi, mwaka 2017, nilijua nina dakika kumi tu kabla usingizi haujamchukua. Alikuwa ametoka zamu asubuhi, akalala hadi saa saba mchana, akaoga, na sasa alikuwa na kikombe cha chai mkononi na subira ya mzazi anayeonyeshwa kitu na mwanawe. Filamu ilikuwa Your Name ya Makoto Shinkai. Niliisogeza moja kwa moja hadi usiku ule nyota yenye mkia inapopita juu ya mji mdogo wa Itomori: anga imejaa buluu na zambarau, mkia wa nyota umetanda kama kitambaa kilichoanikwa, ziwa limetulia chini, na taa za nyumba zimekaa kando ya maji. Sikuitazama skrini. Nilimtazama yeye.

Alinyamaza. Akapiga funda moja la chai, akapiga la pili. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya picha.

"Hapa hapana taa," akasema. "Mwizi anapitia hapa."

Nilicheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Lakini usiku huo, nilipobaki peke yangu, niliirudisha ile picha nikaikagua kona ile. Alisema kweli. Mchoraji alikuwa ameacha giza pale makusudi, giza la nili lisilo na dirisha hata moja, na ni kwa sababu ya giza lile taa nyingine zote zilionekana kuwa na watu ndani. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nne bila kuliona.

Baba alikuwa soja. Alilinda mageti ya Westlands usiku kwa miaka 27, kuanzia 1996 hadi mwisho wa 2023. Mageti yalibadilika, waajiri walibadilika, sare zikatoka kaki zikawa buluu, ila mzigo wake ulibaki uleule: kabuti zito, rungu, tochi, redio ndogo ya betri, na mkebe wa rangi ya nyumba uliotobolewa matundu ubavuni kwa msumari, ndani yake makaa. Mkebe huo ulimpasha moto, ulimchemshia strungi, chai isiyo na maziwa, na wenzake walijua kwa mbali kama yuko macho kwa kuutazama tu. Hakuwahi kuuingiza kibandani hata Julai, wakati baridi ya Nairobi inapouma hadi kwenye meno. Hewa ya makaa imewalaza walinzi wasiamke, na yeye alikuwa na watoto wanne.

Kwetu sisi watoto, basi, usiku ulikuwa kitu kinachomchukua Baba saa kumi na moja jioni na kumrudisha saa mbili asubuhi, akiwa ananukia moshi. Alikwenda kwa miguu akiifuata Waiyaki Way, akarudi kwa miguu, ili nauli ibaki ya unga. Sisi tulifungiwa ndani mapema. Siwezi kusema nilikuwa nauogopa usiku, maana ili uogope kitu lazima kwanza ukione. Usiku wa Kangemi niliujua kwa masikio: mlango wa jirani, mbwa, mlevi anayeimba nyimbo za kanisani, matatu ya mwisho ikikwangua gia.

Anime iliingia maisha yangu kupitia duka la sinema karibu na steji: chumba cha mabati, kompyuta moja, kijana mmoja, na mamia ya diski za kunakili. Mwaka 2007, nikiwa na miaka 14, nilinunua moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwamba ina katuni 12. Nilitaka mapigano. Ya saba, katikati ya paka na panya, ilikuwa My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, filamu ya 1988. Hakuna anayepigana humo. Nusura niiruke.

Halafu ikafika sehemu ya kituo cha basi. Dada wawili wadogo, Satsuki na Mei, wamemletea baba yao mwavuli. Mvua inanyesha, giza linaingia, basi linakuja na yeye hamo. Yule mdogo anasinzia, mkubwa anambeba mgongoni. Juu yao kuna taa moja tu ya nguzo, na mwanga wake unafika hatua chache halafu unaishia kwenye miti. Wanasubiri. Kwa dakika nzima hakuna kinachotokea ila matone ya maji. Mimi, niliyekuwa nimezoea kumsubiri baba asubuhi, nilikaa pale kitako mdomo wazi. Mama, aliyekuwa anachambua mboga nyuma yangu, alinyamaza naye mpaka likatokea lile basi lenye umbo la paka, macho yake yakimulika barabara kama taa za lori, ndipo akasema, "Na makanga wake yuko wapi?"

Nilijua miaka mingi baadaye kwamba mandhari za filamu ile zilisimamiwa na mchoraji aitwaye Kazuo Oga, kwa rangi za maji na brashi juu ya karatasi. Ukizisimamisha picha zake za usiku ukazitazama kwa karibu, utatafuta weusi usiuone mahali unapoutarajia. Miti ni kijani kilichozama. Ardhi ni hudhurungi yenye buluu. Hata mvua ina rangi, ila tu pale inapopita mbele ya taa.

Mwaka 2015 nilipata kazi katika studio ndogo ya katuni Westlands, ghorofa ya nne, juu ya duka la simu. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi mandhari: jikoni, darasani, sokoni, mahali popote wahusika watakaposimama. Wiki ya tatu nikapewa usiku. Kijiji, nyumba tano, mwezi. Nikachukua mandhari ya mchana niliyokwisha kuipaka, nikaweka tabaka jeusi juu yake, nikalipunguza nguvu kidogo, nikatoboa mwezi. Ilinichukua dakika kumi na tano na nilijiona hodari.

Bosi wangu, mama mmoja asiyepandisha sauti hata siku moja, aliitazama akaniuliza, "Umemwaga wino?" Kisha akauliza, "Taa iko wapi?" Nikamwonyesha mwezi. Akasema, "Huo ni mwezi umebandikwa. Haumuliki kitu." Akanirudishia. Nikaifanya mara ya pili, akairudisha. Ya tatu, hivyo hivyo. Usiku mmoja tu wa katuni ya watoto ulinila siku nne.

Ni wakati huo nilipoanza kusoma jinsi Wajapani walivyofanya. Kabla ya kompyuta, wahusika wa katuni walipakwa rangi kwa mkono juu ya karatasi angavu za plastiki, na kila rangi ilikuwa na chupa yake rafuni. Mchana ulikuwa rahisi. Usiku ulikuwa ghali: ukitaka koti jeusi lionekane mbele ya ukuta mweusi, unahitaji nyeusi mbili, tatu, kumi, kila moja na chupa yake. Waandaaji wengi waliukwepa. Katsuhiro Otomo hakuukwepa. Akira, filamu yake ya 1988, sehemu kubwa yake ni usiku, na ilitumia rangi 327. Na pale pikipiki zinapopita zikiacha mistari ya taa nyuma yao, mwanga ule haukupakwa kabisa. Walifunika picha kwa weusi, wakaacha matundu mahali pa taa, wakawasha mwanga kutoka chini, wakapiga ukanda uleule wa filamu mara ya pili. Unachokiona kwenye skrini ni mwanga halisi uliopenya kwenye tundu.

Niliposoma hayo nilikumbuka mkebe wa Baba.

Na nikimkumbuka Baba na taa zake za usiku, nilikumbuka pia kisa cha gari jekundu, ambacho nyumbani kwetu hakikuzungumzwa kwa miaka. Zamani taa za barabarani Nairobi zilikuwa za sodiamu, zile zenye mwanga wa chungwa. Chini ya taa hizo wekundu hufa. Gari liliibwa kwenye maegesho aliyokuwa akilinda Baba, yeye akaliona likitoka, akaandika kwenye kitabu cha matukio saa, namba kadiri alivyoiwahi, na rangi: hudhurungi. Gari lilikuwa jekundu. Aliitwa ofisini na mwajiri wa wakati huo, akahojiwa kama mshirika wa wezi, akakaa wiki mbili nyumbani bila mshahara, halafu akaambiwa arudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa mdogo, nikamwona tu mchana akiwa macho, jambo ambalo halikuwa kawaida.

Katika siku zile nne za kijiji changu cheusi nilimuuliza kuhusu kisa hicho. Alinijibu bila uchungu wowote. "Mimi niliandika nilichoona. Taa ndiyo iliyodanganya." Halafu, kama anayetaja hali ya hewa, akanieleza mambo ambayo hakuna kitabu kilichonieleza. Kwamba ukuta mweupe usiku hauwi mweupe, unachukua rangi ya taa iliyo karibu. Kwamba mtu aliyesimama mbele ya taa huonekana mkubwa kuliko alivyo, na aliyesimama nyuma yake haonekani kabisa, kwa hiyo soja mwenye akili hasimami chini ya taa ya geti. Anasimama pembeni, hatua tano. Kwamba ukiitazama tochi yako mwenyewe umekwisha kuwa kipofu kwa dakika kadhaa. Kwamba lami ikilowa, barabara huwa na taa mara mbili.

Nikarudi ofisini nikafuta kila kitu. Nikaanza na taa: dirisha moja la koroboi, nyumba ya pili kushoto. Nikajiuliza mwanga huo unafika wapi na unakufa wapi. Kuanzia pale nikaendelea kwa nili, zambarau, kijani cha chupa. Mwezi niliuacha mwisho kabisa. Bosi aliipitisha bila kusema neno, na nilipoona ameifungua tena jioni akiwa peke yake, nilitosheka.

Taa za chungwa zimepungua sana siku hizi. Barabara nyingi zimewekewa za LED, nyeupe tupu. Baba alizilalamikia. Zinachoma macho, alisema, na zinawafukuza bundi. Lakini alikubali kwamba chini yake gari jekundu ni jekundu.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa wanampenda Shinkai kupita kiasi, na picha zake za usiku ndizo zimejaa kwenye simu zao. Nami nampenda, ila nina ugomvi naye. Alizaliwa 1973 huko Koumi, katika milima ya mkoa wa Nagano, na mtu akikulia milimani anabaki na deni la nyota. Zile nyota anazozitawanya juu ya miji, mtu wa mjini hazioni. Tokyo haina anga ile, wala Nairobi haina. Anime nyingi zilizomfuata zimeichukua sukari hiyo bila chai: nyota elfu, mtoto wa shule ukingoni mwa paa, upepo kwenye nywele. Zinapendeza, na ukifumba macho huwezi kukumbuka hata moja.

Ninachokiheshimu kwake ni kwamba alianza na kidogo. Voices of a Distant Star, ya 2002, ina dakika 25 hivi, na aliitengeneza karibu yote peke yake kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Kwa mtu anayefanya kazi juu ya duka la simu, jambo hilo linampa moyo kuliko nyota zote. Na katika Your Name kuna kitu alichokielewa barabara: ile saa ya magharibi ambapo si mchana si usiku, na vijana wawili wa filamu wanapata kuonana kwa muda mfupi kabla giza halijawatenganisha. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwonea wivu muda alionao. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu halitelezi ubavuni, linazama wima. Kufikia saa moja na dakika chache ni usiku kamili. Ukitaka kuichora magharibi ya Westlands, lazima uwe umekwisha kukaa dirishani kabla haijaanza. Mimi nilikaa dirishani jioni baada ya jioni, nikapata dakika ishirini kila siku, na nyingine zililiwa na simu.

Kuna usiku ambao sikuuchora na sitauchora. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013 washambuliaji waliingia jengo la maduka la Westgate, na mzingiro ule ukadumu hadi tarehe 24. Watu 67 waliuawa. Geti la Baba wakati huo halikuwa mbali. Jumamosi usiku hakufika kazini, barabara zilifungwa; Jumatatu aliitwa, akaenda. Aliporudi hatukumuuliza, naye hakusema, ila siku kadhaa baadaye, akila, alisema tu, "Moshi usiku ni mweupe." Akaendelea kula.

Mwaka huohuo nilikuwa na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata kwenye diski na nilikuwa sijaimaliza. Ilitoka pamoja na Totoro, mwaka 1988, zikionyeshwa siku moja, na ukizijua zote mbili utashangaa nani alifikiri watoto wanaweza kuzihimili kwa mkupuo. Ndani yake mabomu ya moto yanaanguka juu ya Kobe polepole, yanang'aa, na nitasema ukweli, yanapendeza. Baadaye usiku mmoja watoto wawili yatima wanakamata vimulimuli wanavitia ndani ya chandarua ili viwamulikie, na asubuhi vyote vimekufa. Kabla ya Septemba ile niliona kwamba Takahata alikosea kuufanya moto upendeze. Baada ya neno la Baba kuhusu moshi, niliacha kuona hivyo. Mtu aliyekesha mahali pabaya huona rangi zilezile anazoziona mtu mwingine yeyote. Macho hayajui kuwa ni msiba. Takahata mwenyewe alikimbia mabomu akiwa mtoto, huko Okayama, 1945.

Basi hicho ndicho nilichojifunza, kama ni lazima nikiweke kwa maneno: kwamba ile picha nzuri ya usiku niliyokuwa nikiitafuta kwa watu wa mbali haikuanza kwenye brashi, ilianza kwa mtu kubaki nje muda mrefu kuliko alivyopenda. Na nyumbani kwetu tulikuwa na mtu wa namna hiyo, akilipwa kidogo mno, akirudi asubuhi na macho mekundu, na mimi nikimwambia anyamaze nitazame katuni.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nilichelewa ofisini. Yapata saa nne kasorobo usiku stima ikapotea. Hapo hatukushtuka, stima hupotea. Lakini nilipotazama dirishani, upande wa Parklands ulikuwa mweusi, upande wa Kangemi mweusi, na simu zikaanza kuleta habari kwamba Mombasa ni giza, Kisumu ni giza, nchi nzima ni giza. Kisha jenereta zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine, na majumba makubwa yakarudi: mnara wa GTC, mahoteli, maduka. Yakasimama yamewaka peke yao kama meli baharini.

Nikashuka ngazi kwa mwanga wa simu, nikatembea hadi getini kwa Baba, mwendo wa dakika kumi. Uchochoro wake haukuwa na jenereta hata moja. Nilimtambua kwa mkebe: nukta za moto chini, karibu na ardhi, na yeye mwenyewe pembeni, hatua tano, kama alivyonifundisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Zima simu. Unajipofusha."

Kanuni hairuhusu mgeni getini usiku. Usiku ule hakuna aliyezikumbuka kanuni. Akanigeuzia ndoo kifudifudi niikalie, akanimiminia strungi kwenye kifuniko cha chupa. Agosti Nairobi ni mwezi wa mawingu, ila yalikuwa yamepasuka vipandevipande, na kati yake anga ilikuwa na kina ambacho sikuwahi kukiona nikiwa Westlands. Mwezi ulikuwa umevuka nusu, unateremka magharibi. Juu kabisa kulikuwa na nyota moja ya manjano iliyotulia bila kumetameta. Zohali, sayari, siku mbili tu kabla ya siku yake ya kung'aa zaidi mwaka ule. Nilimwonyesha. Akasema ameiona wiki nzima.

Tulikaa. Nilijaribu kuhesabu rangi kama nilivyozoea ofisini. Ukuta wa jirani: kijivu chenye buluu kwa mwezi. Mjakaranda juu ya uzio: si kijani, si nyeusi, kitu kama rangi ya kitako cha chungu. Mkono wa Baba ulikuwa wa shaba kila alipousogeza juu ya makaa, ukarudi kuwa si kitu alipoutoa. Nikafika kumi na tisa nikapoteza hesabu.

Saa sita ikapita. Kitambo baadaye, kwenye pengo kati ya majengo mawili upande wa mashariki, kikachomoza kile kifungu kidogo cha nyota, kimebanana kama vifaranga. Baba akakitaja kwa jina la kwao, Kiluhya, jina nililokuwa sijalisikia tangu utotoni. Mimi ninakijua kwa Kiswahili, Kilimia, nyota za wakulima. Akanieleza kwamba babu yake hakupanda mtama bila kukitazama, na kwamba yeye hukiona kila mwaka juu ya pengo lile, na huhesabu miezi kwa saa kinayotokea.

Wakati huo gari likapita Waiyaki Way likinguruma na kulipua moshi, moja ya zile Subaru za vijana wanaofanya barabara kuwa uwanja wa mashindano. Nikamwambia Baba: lile jina la gari, Subaru, kwa Kijapani ndicho hicho Kilimia. Zile nyota sita kwenye nembo yake ndizo hizo.

Akafikiri sana. "Kwa hiyo," akasema, "hawa wanatupigia kelele usiku kucha na Kilimia kiko kwenye pua ya gari."

Karibu saa saba mwezi ukazama nyuma ya paa, na kwa kitambo tukabaki na nyota na makaa peke yake.

Mwisho wa mwaka ule alistaafu akarudi nyumbani Vihiga. Nami nikaanza kuchora kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Ni ule mugumo wa Waiyaki Way hapa Westlands, mti wa zaidi ya miaka mia uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 amri ikatoka uachwe. Miaka yote Baba alipita chini yake akienda na kurudi. Alikuwa na imani yake kwamba usiku mti ule ni mkubwa kuliko mchana, na sikubishana naye, maana hata Miyazaki alimpa Totoro wake mti mkubwa wa kafuri wa kuishi ndani. Barabara ya juu ilifunguliwa 2022, na sasa taa zake zinaumulika mugumo kutoka juu, mahali ambapo mti haukuzoea kumulikwa. Majani ya juu ni meupe kama yamemwagiwa unga, na ya chini yamebaki na usiku wa zamani. Ilinichukua miezi mitano ya Jumapili. Pembeni chini, mahali ambapo mwanga haufiki, niliweka geti, kibanda, na mtu mdogo mwenye kabuti amesimama hatua tano kutoka kwenye taa, na mkebe miguuni pake.

Nilimtumia kwenye simu. Alinipigia baada ya nusu saa.

"Mti umeupata," akasema. "Na ile barabara ya juu umeipata. Lami umeilowesha, vizuri." Akanyamaza. "Huyu wa getini ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Si mimi. Huyu amelala."

"Amelalaje na amesimama?"

"Makaa yake yamezima. Tazama mkebe."

Niliifungua picha, nikaivuta hadi mkebe uliokuwa kama punje ya mtama ukajaza skrini nzima. Matundu yote nilikuwa nimeyachora, moja moja, kwa uangalifu. Moto nilikuwa nimeusahau. Nikatia nukta tatu za chungwa, ya nne hafifu upande wa mguu wake, nikaituma tena.

Ikakaa muda. Kisha ujumbe ukaingia: "Sasa mwekee chai."